Nini kiende mtandaoni, nini kibaki wodini: kuelewa ujifunzaji mseto katika masomo ya udaktari

Chukua somo moja dogo: kupapasa ini. Mwanafunzi anapaswa kujua kwamba urefu wa ini, ukipimwa kwenye mstari unaoshuka kutoka katikati ya mtulinga wa kulia, kwa kawaida ni kati ya sentimita 6 na 12. Anapaswa kujua kwa nini mkono huanzia chini ya tumbo upande wa kulia, karibu na nyonga, ndipo upande juu taratibu. Ini lililovimba sana linaweza kushuka hadi chini ya kitovu. Anayeanzia chini ya mbavu anakuwa tayari ameuweka mkono juu ya ini lenyewe, haupati ukingo, na anaandika kwenye faili kwamba hakuna tatizo. Anapaswa kujua pia kwamba mapafu yaliyojaa hewa kupita kiasi hulisukuma ini chini hata likapapasika ingawa halijavimba, ndiyo maana ukingo wa juu nao hutafutwa kwa kugongagonga kifua.

Hayo yote mwanafunzi anaweza kuyapata usiku, akiwa peke yake, kwa simu na daftari. Kuna mengine hayapati. Hapati kujua mkono ukandamize kwa nguvu kiasi gani. Hapati kuhisi ukingo ukigonga kando ya kidole mgonjwa anapovuta pumzi. Hajui afanye nini mgonjwa anapokaza tumbo kwa maumivu, kwa baridi ya mkono wa mpimaji au kwa aibu, na hana mtu wa kumwambia kwamba muda wote alikuwa akitazama tumbo badala ya kutazama uso wa mgonjwa.

Ujifunzaji mseto ni kazi ya kulipasua kila somo namna hiyo, mada kwa mada: kisichohitaji mkono, mgonjwa wala jicho la mkufunzi kitoke darasani, na muda uliookolewa uende wodini na kwenye maabara ya stadi. Ukitazama kozi za mseto zilizokwama, nyingi hazikukwama kwa sababu ya kompyuta wala intaneti. Zilikwama kwa sababu upasuaji huu haukufanyika.

Mseto si kabati la vitini

Elimu masafa ni ile ambayo mwalimu na mwanafunzi wako mbalimbali na kinachowaunganisha ni kitini, redio, simu au kompyuta. Mseto huichukua elimu hiyo na kuifunga pamoja na vipindi vya ana kwa ana, hata upande mmoja usisimame bila mwingine. Mhadhiri anayepakia slaidi zake kwenye mfumo wa chuo kisha akaendelea kuhadhiri kama zamani hajafanya mseto; amefungua kabati la vitini. Kuna swali moja linalotosha kupima: mwanafunzi asipofanya sehemu ya mtandaoni, je, kipindi cha ana kwa ana kitamshinda? Kama kitamwendea vizuri tu, pande mbili hizo hazijafungwa.

Upande wa masafa nao una sura mbili. Kuna vipindi mubashara, ambapo wote wako mtandaoni saa ileile, na kuna kazi ambayo kila mmoja huifanya kwa wakati wake. Vyuo hukimbilia mubashara kwa kuwa inafanana na darasa walilolizoea, lakini ndiyo inayokula bando zaidi, na ndiyo inayomwacha nyuma mwanafunzi aliyekuwa zamu ya usiku. Katika udaktari, sehemu kubwa ya masafa iwe ya wakati wa kila mtu. Mubashara ibaki kwa kitu kimoja inachokifanya vizuri, yaani watu wachache kujadili kisa kimoja.

Msaada mzuri wa kuamua nini kiende wapi ni piramidi aliyoichora George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari wa Marekani, mwaka 1990. Ina ngazi nne. Chini kabisa mwanafunzi anajua. Juu yake anajua namna. Ya tatu anaonyesha namna. Ya nne, kileleni, anafanya kweli katika kazi ya kila siku. Ngazi mbili za chini huenda mtandaoni bila hasara. Ya kwanza ni maarifa, na ya pili ni kuyatumia: kusoma kisa kinachofunuliwa hatua kwa hatua, kuchagua kipimo, kuona majibu, kubadili mawazo. Ngazi ya tatu inataka chumba, kitanda, sanamu ya mafunzo au mtu wa kuigiza mgonjwa, na mtu wa kutazama. Ya nne haina pengine zaidi ya mahali wagonjwa walipo. Mwaka 2020, wanafunzi walipoondolewa hospitalini katika nchi nyingi kwa sababu ya korona, mihadhara ilihamia mtandaoni ndani ya siku chache. Wodi haikuhamia.

Hatari huja pale alama za ngazi ya chini zinapochukuliwa kuwa ushahidi wa ngazi ya juu. Mwanafunzi aliyepata 95 kwa 100 kwenye maswali ya kufufua moyo amethibitisha kwamba anajua kifua cha mtu mzima hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6. Hajathibitisha kwamba mikono yake inafika kina hicho, wala kwamba inakiachia kifua kirudi juu kabla ya kukandamiza tena.

Kuhusu matokeo, mapitio ya mtafiti David Cook na wenzake ya mwaka 2008 yalikusanya tafiti 201 za kufundisha watu wa afya kupitia intaneti. Mafunzo hayo yalipolinganishwa na kutofundishwa kabisa, faida ilikuwa kubwa. Yalipolinganishwa na ufundishaji wa kawaida, tofauti kwa wastani ilikuwa ndogo, tena ilibadilika sana kutoka utafiti mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo anayetafuta kama mtandao unashinda darasa anatafuta mahali pasipo jibu. Chenye uzito ni kile mwanafunzi anachotakiwa kukifanya, popote alipo.

Hesabu ya saa, mahali mipango mingi hufia

Kosa linaloua kozi za mseto kuliko jingine lolote ni kuongeza bila kupunguza. Mada ilikuwa na saa 3 za mihadhara na saa 2 za vitendo. Chuo kinarekodi video za saa 2, kinaziweka mtandaoni, kinaacha ratiba ya zamani kama ilivyokuwa. Mada ya saa 5 imekuwa ya saa 7, na wiki ina mada kadhaa. Mwanafunzi hana namna. Anaacha kitu, na kitu cha kwanza kuachwa ni kile kisichokuwa na mtu wa kumwona, yaani video. Baada ya mwezi mmoja walimu wanalalamika kwamba wanafunzi hawajiandai. Ukweli ni kwamba ratiba haikuwapa nafasi ya kujiandaa. Saa ya mtandaoni ikiingia, saa ya mhadhara itoke, na itoke kwenye ratiba rasmi iliyobandikwa ukutani, si kwa maneno ya mdomo.

Tufanye hesabu kwa darasa la wanafunzi 120. Kwa mpango wa zamani, vitendo hufanywa kwa makundi ya watu 20 kwa saa 2. Gawa dakika 120 kwa watu 20: kila mmoja anapata dakika 6 za kushika, na hizo ni kama mkufunzi hatasema neno. Makundi ni 6, kwa hiyo saa za mkufunzi ni 12, na ukijumlisha saa 3 za mihadhara ni 15. Sasa punguza kundi liwe la watu 6 kwa dakika 90. Kila mmoja anapata dakika 15. Makundi yamekuwa 20, na saa za mkufunzi zimepanda hadi 30. Mhadhara uliofutwa umeokoa saa 3 tu.

Jambo hili lisemwe wazi kwa wakuu wa vyuo kabla hawajaidhinisha kitu: mseto uliopangwa vizuri haupunguzi kazi ya walimu katika udaktari. Unaihamisha, na mwaka wa kwanza unaiongeza, maana video na maswali yanatengenezwa huku darasa la kawaida likiendelea. Anayeuchukua mseto kama njia ya kuandikisha wanafunzi wengi kwa walimu walewale atapata madaktari wanaojua majina ya dalili ambazo mikono yao haijawahi kukutana nazo.

Njia inayosaidia ni kuwatumia wanafunzi wa miaka ya juu mezani. Mkufunzi mmoja anasimamia meza tatu zilizo chumba kimoja, kila meza ikiwa na wanafunzi 6 na mwanafunzi mwandamizi mmoja mwenye orodha hakiki ileile. Makundi 20 yanaisha kwa mizunguko 7, na saa za mkufunzi zinashuka hadi 10 na nusu. Lakini wandamizi hao wafundishwe na wapimwe kwanza. Asiyepimwa hurithisha makosa yake, na kosa la mkono likishazoeleka ni gumu kuling'oa.

Kuna akiba nyingine ambayo watu wengi hawaioni. Ufundishaji wa stadi kwa hatua nne, unaojulikana kwa jina la Peyton, huenda hivi: kwanza mkufunzi anafanya kwa mwendo wa kawaida bila kusema, pili anafanya polepole akieleza kila kitendo, tatu mwanafunzi anaeleza na mkufunzi anafuata maelezo yake, nne mwanafunzi anafanya mwenyewe huku akieleza. Hatua mbili za mwanzo ni za kutazama tu. Zirekodiwe mara moja, kamera ikiwa begani mwa mkufunzi ili mkono uonekane kama anavyouona mfanyaji, ziende mtandaoni. Kipindi cha maabara kianzie hatua ya tatu. Mkufunzi anayerudia hatua ya kwanza na ya pili mbele ya kila kundi amekula robo ya kipindi kwa kitu ambacho wanafunzi walishakiona jana.

Video, sauti na picha

Uchambuzi wa mwaka 2014 uliopitia vipindi vya kutazama video karibu milioni 6.9 kwenye edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, ulionyesha kwamba muda wa kati wa watu kutazama haukuvuka takriban dakika 6, hata video iwe ndefu kiasi gani. Wengi wakisikia hivyo huchukua mhadhara wa dakika 45 wakaukata vipande saba. Vipande hivyo havina kichwa wala mkia. Kila video ijengwe upya kujibu swali moja: kwa nini mkono unaanzia chini? Ukingo wa juu unatafutwaje? Ini lipi hupapasika bila ugonjwa? Mhadhara wa zamani mara nyingi huzaa video nne au tano tu, kwa sababu salamu, marudio na mambo ya pembeni yameanguka.

Uzito wa faili si jambo la mafundi peke yao. Ndio unaoamua nani atasoma. Hesabu yake ni rahisi. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde, inayotosha kwa slaidi na mkono unaoonekana vizuri, huwa na megabaiti 22.5 kwa dakika 6. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32, haifiki megabaiti 1.5. Kipindi mubashara kinachotumia megabiti 1 kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, sawasawa na video 20 za namna hiyo. Ndiyo maana kila mada iwe na vitu vitatu vinavyopakulika: video, sauti yake na kurasa chache za maandishi. Mwanafunzi apakue akiwa chuoni au mahali penye mtandao wa bure, asome nje ya mtandao. Mfumo unaolazimisha kutazama ukiwa umeunganishwa, ati ili kuhesabu mahudhurio, humwadhibu asiye na bando hata kama amejiandaa kuliko wote.

Sauti za mwili zina mitego yake. Sauti ya tatu na ya nne ya moyo ni nzito sana, nguvu yake nyingi iko karibu na mitetemo 20 hadi 50 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kuitoa. Mwanafunzi atasikia "lab-dab" safi na kuamini kwamba ndivyo moyo ulioshindwa unavyolia. Agizo la kutumia visikizi vinavyoziba masikio liandikwe juu ya faili yenyewe, tena sauti iambatane na mchoro wa mawimbi ili jicho lilisaidie sikio. Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haujulikani: programu za mikutano huchuja kelele, na kwa programu hizo mlio wa kupasukapasuka kwenye mapafu yenye nimonia ni kelele kama ya feni. Huondolewa kabla haujamfikia msikilizaji. Usichezeshe sauti za kifua ndani ya kipindi mubashara; tuma faili, kila mmoja aisikilize kwake, kisha mrudi mjadiliane.

Picha za ngozi zionyeshe upele huohuo kwenye ngozi za rangi tofauti. Wekundu unaoelezwa vitabuni huweza kuonekana wa zambarau au kahawia iliyokolea kwenye ngozi nyeusi, na anayejifunza kwa aina moja ya ngozi hupitwa na ugonjwa ulio mbele yake.

Slaidi za hadubini ndipo mtandao unapofanya kazi nzuri kuliko chumba cha zamani, kwa kuwa darasa zima linatazama chembe ileile na mwalimu anaweza kuonyesha kwa mshale. Ila ukubwa wake ujulikane. Kipande cha tishu cha milimita 15 kwa 15, kikipigwa picha kwa mikroni 0.25 kila pikseli, kina pikseli 60,000 kila upande, yaani pikseli bilioni 3.6, bila kubanwa ni takriban gigabaiti 11. Hakuna anayepakua hiyo. Huwekwa kwenye seva ikiwa imegawanywa vigae vidogo vya ngazi mbalimbali za ukuzaji, na simu huvuta vigae vile tu vilivyo machoni. Chuo kisicho na seva ya namna hiyo kichague sehemu nne au tano za kila slaidi, kizihifadhi kama picha za kawaida. Hasara yake ni kwamba mwanafunzi hajifunzi kuvinjari na kutafuta, kwa hiyo walau kipindi kimoja cha hadubini halisi kibaki.

Jaribio fupi ndilo bawaba

Kati ya usiku wa kujisomea na asubuhi ya darasa kuna kitu kimoja kinachoziunganisha: jaribio la maswali 5 hadi 8, linalofungwa muda wa saa 12 kabla ya kipindi kuanza. Lina kazi mbili. Ya kwanza ni ya kumbukumbu yenyewe. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la mwaka 2006, waliosoma tena na tena walifanya vizuri zaidi wakipimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliozidi ni wale waliosoma kisha wakajipima. Kuvuta jambo kutoka kichwani hulijenga kuliko kulitazama tena. Maswali yaleyale, yakiwa yamebadilishwa sura, yarudi baada ya wiki na baada ya mwezi.

Kazi ya pili ni ya mwalimu. Jioni anafungua matokeo na kuona wapi darasa limeanguka. Hapo ubora wa swali ndio kila kitu. "Ini liko upande gani?" halimwambii lolote. Linganisha na hili: mzee wa miaka 60 aliyevuta sigara kwa miaka 40 ana ini linalopapasika sentimita 3 chini ya mbavu, kwa kugonga, urefu wake wote ni sentimita 9, maana yake nini? Watakaojibu kwamba ini limevimba wamekariri kwamba ini linalopapasika ni gonjwa. Watakaosema limesukumwa chini na mapafu wameelewa. Asilimia 40 ya darasa wakikusanyika kwenye jibu moja lisilo sahihi, huo si uzembe wa watu wengi kwa pamoja, ni wazo potofu lenye mzizi, na kipindi cha kesho kianzie hapohapo.

Alama za jaribio hili ziwe ndogo, asilimia 5 au 10 ya kozi nzima. Zikiwa sifuri, wengi hawafanyi. Zikiwa nyingi, majibu yanazunguka kwenye makundi ya simu usiku uleule na mwalimu anasoma matokeo ya mtu mmoja yaliyonakiliwa na mia.

Kisha linakuja jaribu kubwa kuliko yote, na wanaoanguka ni walimu wema. Mwalimu anaingia darasani, anaona nyuso za wasiojiandaa, anawahurumia, anahadhiri mada upya. Waliojiandaa wameona kwamba usiku wao ulikuwa bure. Wiki inayofuata wanapungua, na haichukui wiki nyingi kabla hakuna anayefungua video. Asiyejiandaa apewe nafasi ya kusoma pembeni kwa dakika 20, kisha ajiunge na kundi; mada haihadhiriwi tena kwa ajili yake.

Wanafunzi wakitawanyika hospitalini

Miaka ya kliniki ndiyo ambayo umbali huwa wa kweli. Wanafunzi wanane wako hospitali nane tofauti, kila mmoja na msimamizi wake, na wagonjwa hawaji kwa kufuata mtaala. Mmoja ataona kisukari kila siku asione homa ya uti wa mgongo hata mara moja. Hapa sehemu ya masafa hufanya kazi ambayo hakuna kingine kinachoweza kuifanya: kusawazisha. Andaa orodha ya hali 30 au 40 ambazo lazima kila mmoja azione. Kwenye logibuku ya kidijiti, yaani daftari la kumbukumbu za kazi zake, mwanafunzi anaandika amekutana na zipi, na kwa ngazi gani: alitazama, alisaidia, au alifanya mwenyewe chini ya usimamizi. Wiki mbili kabla ya kumaliza zamu yake katika hospitali hiyo, zilizobaki wazi hujazwa kwa kisa cha mtandaoni. Logibuku ionyeshe tofauti hiyo kwa alama tofauti, maana kisa cha skrini hakilingani na mgonjwa na hakuna haja ya kujidanganya.

Kila wiki kuwe na kipindi mubashara cha dakika 60 kwa watu wasiozidi 8. Wawili huwasilisha wagonjwa wao, dakika 10 kila mmoja, na muda uliobaki ni wa maswali. Wakizidi 8, wanaozungumza ni walewale watatu na wengine hugeuka wasikilizaji waliozima kamera.

Kiungo dhaifu ni msimamizi wa hospitalini. Ana foleni ya wagonjwa, hakupewa muda, na mara nyingi alitumiwa mwongozo wa kurasa 40 ambao hatausoma. Apewe karatasi moja: mwanafunzi huyu yuko ngazi gani, anaruhusiwa kufanya nini, na unaombwa kumtazama lini. Njia fupi ya kumtazama ipo: dakika kama 15 za kumwona mwanafunzi na mgonjwa mmoja, na dakika 5 hadi 10 za mrejesho papo hapo. Mara moja kwa wiki inatosha kuonyesha mwelekeo. Fomu inayojazwa mwisho wa zamu kwa kumbukumbu hutoa alama nzuri kwa kila mtu na haimsaidii yeyote.

Siri ya mgonjwa inahitaji ukali. Mgonjwa aliyekubali kutibiwa hajakubali kufundishiwa; aliyekubali wanafunzi wasimame kando ya kitanda hajakubali kurekodiwa; aliyekubali kurekodiwa kwa darasa moja hajakubali video ibaki mtandaoni miaka kumi. Kila kibali kiombwe peke yake, kwa maandishi, na mgonjwa aelezwe namna ya kukiondoa. Picha za mashine za eksirei na CT hubeba jina, namba na tarehe ya kuzaliwa ndani ya faili hata kama hazionekani kwenye skrini. Zile za altrasaundi mara nyingi huwa na jina lililochomwa kwenye picha yenyewe, ambalo programu ya kufuta taarifa za faili hailigusi. Lazima likatwe au lifunikwe kwa mkono. Picha za simu huweza kubeba mahali zilipopigwa. Na kundi la simu la darasa si mahali pa picha ya mgonjwa, hata ikiwa uso hauonekani: kidonda, tatuu na namba ya kitanda vinatosha kumtambulisha mtu.

Mtihani

Mitihani ya mazoezi iwe mtandaoni kadiri inavyowezekana. Mtihani wa mwisho wa maarifa ufanyike mahali penye msimamizi, na stadi zipimwe kwa mzunguko wa vituo aliouanzisha Ronald Harden wa Dundee, Uskoti, mwaka 1975: mwanafunzi anapita kituo baada ya kituo, kila kimoja na kazi moja na orodha moja ya kusahihishia kwa wote. Vituo 12 vya dakika 8 ni dakika 96 kwa mwanafunzi. Kituo kimoja au viwili vinaweza kuwa vya simu, ambapo anachukua historia ya mgonjwa wa kuigiza aliye mbali, kwa kuwa hiyo nayo sasa ni kazi ya daktari.

Baada ya mtihani, maswali yenyewe yapimwe, na mifumo ya kompyuta hufanya hesabu hiyo bure. Jibu la mtego lililochaguliwa na chini ya asilimia 5 halimtegi mtu, libadilishwe. Swali ambalo wanafunzi bora wanalikosa huku dhaifu wakilipata mara nyingi lina jibu lililowekwa vibaya, na alama zake zirekebishwe kabla matokeo hayajatangazwa.

Wanaopotea kimya

Darasani, mwanafunzi anayezama huonekana: kiti chake kiko wazi. Mtandaoni hana kiti. Kwa hiyo kila Jumatatu mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kwenye mpango wa kozi afungue kumbukumbu za mfumo na kutoa orodha ya wasioingia kwa siku 7 na waliokosa majaribio mawili mfululizo. Katika darasa la 120 orodha hiyo haiwi ndefu. Wapigiwe simu siku hiyohiyo, si kutumiwa barua pepe, kwa sababu aliyepoteza nywila au aliyevunja simu hataiona barua pepe. Sababu zinazotajwa mara nyingi ni ndogo na hutatulika kwa saa moja: nywila, kifaa, bando, chumba kisicho na umeme. Nyingine ni msiba au ugonjwa, na hizo ziende kwa mshauri wa wanafunzi siku ileile. Kilichosemwa kiandikwe, pamoja na tarehe ya kupiga tena.